Oda ya Mama wa Hosteli

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na upendo niliobakiwa nao, ambao najua utasema si mwingi. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi. Natumaini umemsikia yeye, maana mimi tangu utotoni hujawahi kunisikia. Wajukuu wako hawajambo? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanajua saa aliyolala? Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka inavyotaka, lakini nakula, natembea, na akili zangu ninazo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu katika nyumba hii imeshageuzwa duka, na haya ninayotaka kukuambia si ya dukani. Kaa vizuri, barua ni ndefu.

Unajua kwamba kiwanda cha rangi alichokuwa mwanangu akisimamia stoo kilifungwa mwaka jana. Tangu hapo anatafuta kazi, na anaitafuta akiwa amekaa kwenye kochi. Basi siku moja mezani mkewe, yaani mkwe wangu, akatutangazia kwamba ataanza biashara ya mtandaoni, hapahapa nyumbani. Nikamuuliza mtaji ataupata wapi. Akajibu kwamba biashara yenyewe haihitaji mtaji. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kumbe alikuwa amehudhuria darasa la kijana mmoja avaaye tai, anayewafundisha watu kwenye simu namna ya kuanza biashara bila senti moja. Darasa lenyewe, bila shaka, lilikuwa na ada, na ada ililipwa mapema. Miaka thelathini na mbili nimefundisha, kumi na nne nikiwa mwalimu mkuu, na sikuwahi kufikiria wizi mzuri namna hiyo.

Biashara yenyewe ni hii. Kuna muuzaji wa jumla wa mashuka, mzee mnene asiyeweza kupita kwenye mlango wa duka lake mpaka ageuke ubavu. Mkwe wangu alikuwa akienda pale, anapiga picha mashuka ya mtu, anayaweka kwenye simu kana kwamba ni yake. Mteja akilipa, ndipo anakimbia kuyanunua kwa fedha za mteja huyohuyo, na tofauti ya bei inabaki kwake. Ukurasa wake akauita Lala Pema. Nikamwambia kwamba hayo ndiyo maneno tunayowaambia marehemu. Akatabasamu, akasema watu watalikumbuka jina upesi.

Mwanzoni hakuna aliyenunua, kwa kuwa wauzaji wengine mia walikuwa na picha zilezile, hata kidole gumba kilichojitokeza pembeni kilikuwa kilekile. Akapata wazo. Alimwomba mzee wa jumla amwazime seti moja asubuhi, akaitandike kitandani, aipige picha ya maana, kisha aikunje kwa mikunjo yake ya kiwandani, airudishe kwenye mfuko wake na kuifikisha dukani kabla ya adhuhuri. Mzee akakubali, bila rehani yoyote. Na lazima niseme ukweli, sijapata kuona mikono inayokunja shuka vile. Hata aliyelishona asingejua kwamba limefunguliwa. Seti hata moja haikurudi na doa. Siku moja mkwe wangu alimwambia mwanangu, nami nikisikia, kwamba imani ya mzee yule ndiyo mtaji wote alionao, na siku akimnyima mashuka, sufuria letu litashuka jikoni. Nilimdharau zaidi kwa maneno yale. Nyumba nzima ya watu wazima, na watoto wawili wa shule, inaning'inia kwenye roho nzuri ya mtu asiyeweza kupita mlangoni.

Sasa uliza kitanda ni cha nani. Ni changu! Kile cha mti mgumu chenye kichwa cha kuchonga, nilichohamia nacho hapa nilipostaafu. Chao ni cha vyuma na kinalia ukikikalia. Basi kila Jumatatu asubuhi natolewa chumbani kwangu kwa heshima zote, naketi kwenye kiti cha jikoni na mkoba mapajani nikisubiri shuka la watu lipigwe picha. Sebule nayo imejaa karatasi, gundi na kamba. Mwanangu, aliyekuwa na watu sita chini yake, kazi yake sasa ni kufunga vifurushi nyuma ya pikipiki ya kukodi, na anaona amepanda cheo.

Na hao wateja! Bei imeandikwa juu ya picha kwa tarakimu kubwa kuliko kichwa changu, na mtu anauliza bei ngapi. Anaambiwa aje inboksi. Anakuja, anaomba apunguziwe, anapunguziwa, anasema mwisho wa mwezi, anapotea. Wiki mbili baadaye anarudi kuuliza bei ngapi. Mkwe wangu anawajibu wote kwa upole, anawaombea siku njema, mmoja hadi mwingine. Mimi ningewapigia mstari mwekundu wote.

Ningevumilia, lakini sikiliza lililonifika. Yule mwenzangu aliyekuwa akifundisha jiografia alinipigia simu asubuhi moja huku akicheka hata haongei vizuri. Akaniuliza kama siku hizi ninauza na meno. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba ameona kitanda changu mtandaoni, kimetandikwa shuka la maua, na pembeni, juu ya kijimeza, ipo glasi ya maji, na ndani ya glasi yapo meno yangu ya bandia, safu ya juu, yanacheka. Watu mia tisa walikuwa wameshaitazama picha ile. Mmoja aliuliza kama meno yanakuja pamoja na seti au yanalipiwa peke yake.

Mkwe wangu aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Akaifuta picha, na jioni akaniletea kikopo chenye kifuniko. Lakini siku ile alikuwa ameuza seti tano, na mwanangu, huyu niliyemzaa mimi, alisimama mlangoni akijizuia asicheke. Nilipomwambia kwamba biashara ile iishe, akaniambia taratibu kwamba hiyo ndiyo tunayoila, na kwamba aliyeshikwa na haya asiangalie simu. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na sitakuficha, nililia kwa hasira.

Majuma mawili baadaye akajitokeza mteja mmoja, mwanamke, akijitambulisha kuwa ana hosteli ya wasichana. Nyumbani wakambatiza jina Mama wa Hosteli. Alitaka seti thelathini za rangi ya bluu, zifikishwe mlangoni, alipe akipokea. Mkwe wangu ana sheria yake, hatoi mzigo bila malipo ya awali, na sheria hiyo ndiyo kitu pekee cha akili nilichowahi kukiona katika biashara yake. Akaivunja. Na unajua kwa nini? Kwa sababu yule mwanamke aliandika vizuri! Alisalimia kwanza, aliweka mkato na nukta mahali pake, alishukuru mwishoni. Mkwe wangu alitusomea ule ujumbe mezani kwa sauti, akasema huyu ni mtu wa heshima zake, na kumdai malipo ya awali mtu wa namna hii ni kumtukana. Nilimtazama nikawaza kwamba hakuna mjinga aliyezidi huyu chini ya jua.

Mzee wa jumla akampa seti thelathini kwa neno lake tu. Jumamosi asubuhi mkwe wangu akavaa gauni lake zuri, akalipiga pasi mara mbili, akaondoka na pikipiki mbili zilizojaa mpaka juu. Mahali alipoelekezwa palikuwa na ukuta mrefu wa karakana iliyofungwa. Hapakuwa na hosteli, wala msichana, wala mtu. Akadhani amepotea njia. Alipiga simu haikupokelewa, akaamua kusubiri, asije akaonekana hana subira. Alisimama kando ya ukuta ule kutwa, na waendesha pikipiki wakimtaka alipie na muda wa kungoja. Jioni nilimwona kutoka dirishani akirudi. Alivua viatu mlangoni akaviacha hapohapo, yeye ambaye viatu vya watu wote ndiye huvipanga.

Mashuka yakakosa pa kuwekwa. Chumba kikavu chenye nafasi ni changu peke yake. Wakayapanga ukutani, juu ya kabati, chini ya kitanda, kando ya kitanda mpaka usawa wa dirisha, nami nikabaki katikati kama karani wa ghala. Mwanangu alitaka simu amporomoshee yule mwanamke matusi. Mkewe akamnyang'anya. Akasema huenda mama wa watu amepatwa na ugonjwa au msiba, kwani mtu anayeandika vile hawezi kuwa mwongo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, katikati ya mizigo, akamwandikia ujumbe wa kumpa pole kwa lolote lililomfika.

Akabonyeza kutuma. Na simu ikatetemeka chini ya mto wangu.

Ndiyo, mdogo wangu. Mama wa Hosteli ni mimi. Nilinunua laini nyingine, nikaitia kwenye simu ile ndogo ya zamani ya kabatini, nikaandika kwa uandishi ule ule niliolipwa mshahara kuufundisha. Nilitaka aaibike mara moja tu, aaibike sawasawa, aache. Yeye alidhani mtetemo ule ni wa simu yangu ya kawaida, akaniomba radhi kwa kunisumbua na kutoka.

Usidhani kwamba nilitubu papo hapo. Siku mbili nilikula na kulala. Jumatatu mzee wa jumla akamwambia arudishe mzigo wote Alhamisi, na pamoja na mzigo aziage na picha zake, kwani hamwazimi tena hata foronya. Nilisikia hayo nikajiambia kwamba nimeshinda. Kisha Jumanne Mama wa Hosteli akapokea ujumbe mwingine. Mkwe wangu aliandika kwamba kama shida ni fedha, asione haya, achukue hata seti kumi kwanza na nyingine zitafuata, maana baridi hii si ya wasichana kulalia godoro tupu. Wasichana ambao mimi ndiye niliyewabuni! Nilisoma maneno yale nikiwa nimeegemea mashuka yao, na aibu ikanijaa, nikaichukua simu nikatoka.

Nilimkuta jikoni akiosha vikombe. Nikaweka ile simu mezani mbele yake. Alijifuta mikono, akasoma kuanzia juu, maneno yangu na maneno yake, polepole mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi na nimejiandaa kwa matusi, na yote mawili nilikuwa nimeyatungia jibu. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kama mzigo nauchukua au siuchukui.

Nikasema nauchukua. Akanitajia bei, ile ile iliyoandikwa kwenye picha, bila kupunguza, pamoja na nauli ya pikipiki mbili kwenda na kurudi. Nililipa kutoka kwenye akiba yangu ya uzeeni. Akaniandikia risiti, akanishukuru kwa kununua Lala Pema, akapanda pikipiki kwenda kwa mzee wa jumla siku ileile, na mzee akamrudishia imani yake. Mkwe wangu akamwambia mumewe kwamba Mama wa Hosteli alikuwa mgonjwa, amepona, amelipa, na ameomba mashuka yahifadhiwe hapa kwa muda. Siri yangu hajaitoa. Sidhani kama ataitoa.

Lakini nikuambie alichonifanya, kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza. Miaka kumi na moja tangu aolewe aliniita mama. Hata nilipomsema mbele ya wageni aliniita mama. Tangu Jumanne ile ananiita mteja wangu. Karibu chai, mteja wangu. Maji ya kuoga tayari, mteja wangu. Ananiambia kwa upole ule ule anaowapa wale wa bei ngapi, na kila asubuhi ananitakia siku njema. Hakuna kosa ninaloweza kulionyesha kwa kidole. Mwanangu anacheka kila anaposikia. Jana alinishika bega akaniambia jinsi anavyofurahi kwamba hatimaye mimi na mkewe tumezoeana mpaka tunataniana.

Nami nikacheka naye, ningefanyaje.

Nakutumia seti mbili za bluu kwa huyu anayekuletea barua. Ni nzuri, zioshe kwa maji baridi mara ya kwanza. Msalimie shemeji na wajukuu wote, na yule mwenzangu wa jiografia ukimwona mwambie sijamsamehe. Fanya mazoezi ya goti.

Nijibu kwa barua, usinipigie simu. Najua una tabia ya kuanza na mpendwa au mheshimiwa mwalimu kwa kunitania. Safari hii acha hayo. Andika dada, mwanzoni kabisa, kwa herufi kubwa nizione bila miwani.

Ni mimi,
Dada yako.