Pasta Aliyetuambia Tusikimbie

Jumapili, 9 Machi

Pasta Duku amerudi tena kwenye Isaya kumi na nane — nchi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi, watu warefu. Ni sisi, akasema. Mungu aliyetuandika humo hatatufuta. Nabii Danieli naye anasema Mungu ndiye anayeondoa wafalme na kuweka wengine. Basi vita vikija, asiyeamini ndiye akimbilie Uganda.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mama yangu aliamini, na alikimbia vilevile. Nilizaliwa kambini, hukohuko Uganda.

Na mbona Teresina, mke wake, hakuwapo kanisani?

Jumatano, 12 Machi

Uvumi tu wa vita kurudi. Wanasema kule mjini watu wanahama mtaa wa Mangateen. Hapa Nesitu malori ya kwenda mpakani Nimule yanapita na watu juu ya mizigo.

Edrine, dereva Mganda anayekula chapati kibandani kwangu, anasema Jumamosi alimbeba mke wa pasta hadi mpakani. Watoto, magodoro, hata jiko. Nikamwuliza kama ana hakika.

"Mama Akur, mimi iko na macho."

Jumamosi! Na Jumapili Pasta akatuhubiria vile. Sisi tubaki na unabii, yeye watoto wake wavuke.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga nguo za mwanangu Akur. Dada yangu Erina atampokea Adjumani, kule Uganda. Halafu nimezifungua.

Nimeomba, maneno hayakuja. Namshuku pasta, au namshuku Mungu? Si kitu kimoja. Danieli hakuandika kwamba wafalme wamo mikononi mwa Duku. Na Danieli mwenyewe alibebwa mateka mpaka nchi ya watu. Mungu alikuwa naye huko.

Nimezifunga tena.

Jumamosi, 15 Machi

Pasta amekuja kwangu asubuhi. Ana begi dogo. Ameomba chai.

Nikamwambia wazi: habari za mkeo tumezipata. Hakukana. Anasema alimsihi abaki, mke akamjibu kwamba Mungu ana mataifa, yeye ana watoto watatu tu.

"Na wewe unaenda wapi, Pasta?"

"Kesho wasomee watu Isaya, Mama Akur."

"Wakiniuliza uko wapi?"

Akavuta begi magotini.

Nimeingia jikoni, naandika haya nimesimama. Namwona kupitia mlango — begi magotini, chai hajaigusa. Akur amekaa naye benchi moja, na mzigo wake. Haniangalii.

Nje, Edrine amewasha lori. Anaita kwamba nafasi iko moja tu, nani anapanda —