Siku Niliyopimwa Macho Mara Mbili

Bujumbura, Jumatano alasiri, Machi 1998

Mvua imekatika lakini mbingu bado nzito. Naandika kabla jua halijazama, maana giza likiingia sioni kitu.

Naogopa. Sina neno lingine.

Mimi ni dereva wa mashine ya kuinua mizigo bandarini. Nilikuwa, niseme ukweli. Mwezi uliopita nilikuwa narudisha mashine nyuma, mpakiaji mmoja akapiga kelele. Alikuwa ubavuni mwangu nami sikumwona. Aliponea kwa kuruka. Bosi akanikataza kuipanda tena mpaka daktari wa pensheni aseme kama ugonjwa wangu wa macho ni wa kulipwa na serikali au la.

Leo asubuhi mke wangu Zaina amenisindikiza kwa huyo daktari. Daktari akaniambia nisome herufi ukutani. Nikazisoma zote, hata zile ndogo za chini.

"Ah, papa, mbona unaona muzuri sana!"

Ninawajua wanaolipwa: aliyekatika mguu, aliyepooza, kipofu wa kushikwa mkono. Mimi miguu ninayo yote, na herufi nimezisoma. Nani ataniamini?

Lakini hakunifukuza. "Angalia pua yangu, usigeuze kichwa. Ukiona kidole changu, sema."

Nikangoja. Nilidhani hajaanza. Kumbe mikono yake ilikuwa imeanzia masikioni mwangu, vidole vikicheza, na niliposema nimeona ilikuwa karibu kugusana mbele ya uso wangu. Nikamsikia Zaina akisema "Ya Allah" kwa sauti ndogo.

Akanipima kwa mashine. Ni presha ya macho, inayokula kuanzia pembeni. Akasema ugonjwa huo serikali inaukubali ukifika pale ulipofika wangu; pensheni nitapata. Nikamshukuru sana. Kisha nikauliza, nikitumia dawa nitarudi kazini lini?

"Papa, kile kimekwisha kupotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda kile kimebakia."

Wanaokubaliwa ni wale ambao hawatapona. Hilo sikulifikiria nilipokuwa namwomba Mungu nikubaliwe.

Tumerudi kwa miguu. Tulipofika mtaa wa Bwiza, Zaina alitaka kunishika mkono, nikakataa. Watu wananijua pale. Akasimama kununua unga wa muhogo, mimi nikaendelea. Mbele yangu njia ilikuwa tupu.

"Hagarara!"

Mtu akikuambia simama kwa Kirundi namna ile, na bunduki ikakokiwa, husimami tu. Unaganda. Askari alikuwa kwenye baraza ya duka, upande wangu wa kushoto. Alikuwa ameshaniinulia mkono nisimame, nami nikampita kama mtu anayedharau. Siku hizi za vita watu wanakufa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Zaina akaja mbio, unga unamwagika. "Apana piga! Haone pembeni, iko mugonjwa!"

"Mugonjwa gani anatembea sawa mutu muzima?" Hatua za askari zikanikaribia. "Usigeuke. Nimeinua vidole ngapi?"

Nilitazama mbele. Sikuona vidole, wala mkono, wala mtu. Nilisikia pumzi yake tu. Nikawaza nikisie, halafu nikawaza: nikipatia kwa bahati, nimekwisha.

"Sione hata mukono, afande."

Sijui alichokuwa anakitazama usoni mwangu. Jasho lilikuwa linanitoka kana kwamba nimebeba gunia.

"Mama, mushike mukono," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mwengine hatauliza."

Mwengine hatauliza.

Maneno hayo hayajanitoka tangu tufike nyumbani. Watoto bado hatujawaambia. Zaina yuko jikoni, anachekecha ule unga uliobaki. Naye anaogopa, najua, ila yeye huogopa akiwa anafanya kazi.

Kesho lazima tupite barabara ile ile kwenda kuchukua dawa. Nitatoka mlangoni nimeshikwa mkono na mke wangu, mchana kweupe, majirani wakitazama.

Aibu haijamuua mtu.