Povu la Kisima Chetu

Kilwa Masoko,
Jumanne asubuhi.

Kaka yangu Klementi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi Devota na mwanenu Jerome. Mimi mwili ni mzima. Dereva wetu Abdulatifu atakukabidhi barua hii na madumu sita ya maji. Kuanzia sasa mnywe hayo tu.

Unajua kazi yetu hapa ni kujaribu kutoa madini yenye sumu kwenye maji. Tunatia dawa ya jamii ya sabuni, inayashika madini, kisha tunapuliza hewa kutoka chini. Povu linapanda na sumu yake, tunalikwangua na kulifungia. Pasaka uliponiona nikijaza chupa kisimani ulinitania kwamba nimesoma mpaka nimekuwa mchota maji. Kumbe nilikuwa nimejigamba kazini kwamba kisima alichochimba baba hakina mfano, nikataka kiwaonyeshe wenzangu maji yasiyo na kitu.

Kaka, nilipigwa na butwaa! Povu lilitoka jeupe pee, kama la kufulia, lakini mashine ikasoma madini ya risasi. Nikadhani nimechanganya chupa. Nikapima tena na tena, na kila mara maji yetu yalizidi kiwango mara kumi na moja. Maji yale yale matamu, yanayoivisha maharage upesi! Hayana rangi wala harufu ya ubaya wowote.

Ndipo nikakumbuka betri kuukuu za magari unazoyeyusha nyuma ya jiko kutengenezea chubwi za kuzamishia nyavu, na maji yake unayoyamwaga kwenye migomba, hatua chache kutoka kisimani. Sikulaumu. Chubwi hizo ndizo zilizonisomesha, na hakuna aliyetuonya.

Acha kuyeyusha leo hii. Funika kisima. Kuchemsha hakusaidii, na kwa kuwa nakujua, usijaribu kuyasafisha kwa sabuni ya Devota. Mpeleke Jerome hospitali Lindi, waambie wampime risasi kwenye damu. Nanyi mpimwe.

Lililobaki ni langu mwenyewe. Majibu haya niliyapata siku kumi na mbili zilizopita. Niliona aibu, nikawaambia wenzangu chupa ilikuwa chafu. Nilikupigia simu mara mbili, nikaishia kuuliza habari za mikorosho. Jumapili Devota akanipigia. Alisema Jerome tumbo linamsokota na hapati choo, akaniuliza mimi msomi afanye nini. Nikamwambia ampe maji mengi. Nilikuwa najua, kaka, na mdomo ukasema hivyo hivyo. Wifi akanishukuru, na nikamsikia akimwita mtoto aje anywe.

Jumamosi nitakuja, mnipokee au mnifukuze. Wasalimie majirani wote, na wao wasichote tena hapo. Devota msomee barua hii yote, usiruke mahali.

Ni mimi mdogo wako, ninayewaomba msamaha,
Fortunata