Kisasi cha Chujio

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu,

Kaa chini kabla hujaendelea, na kama umembeba mtoto mpe baba yake. Barua hii imeandikwa na kichwa chenye akili kuliko vyote vilivyowahi kuvaa kofia. Nikiingia ofisini asubuhi, kompyuta huwaka zenyewe kwa heshima. Kama huamini ziulize, siku hizi zinajua kujibu.

Haya, shikamoo. Mgongo umepoa? Watoto wanakula? Na shemeji, bado anakubali kila unalosema? Mimi mzima, ila shati limeanza kunibana kifuani kwa wingi wa sifa. Naandika kwa mkono kama ulivyoamuru, ili mwandiko wangu uache kufanana na nyayo za kuku. Kuku mwenyewe ameanza kulalamika kwamba namharibia jina.

Habari ndiyo hii: nimeingia. Nimo kwenye kampuni ile ile iliyokufukuza, chumba kile kile, na kiti nilichopewa ni chako, kile chenye gurudumu bovu linalomvuta mtu kushoto. Hakuna anayejua kwamba tumetoka tumbo moja, kwa kuwa wewe unatumia jina la mumeo. Aliyenisaili ni Bwana Kifua Mbele mwenyewe, bosi aliyekufukuza. Hajabadilika: kifua kinaingia mlangoni, halafu yeye anafuata. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia, "Mpaka pale walimu walipochoka, mzee." Akacheka, akaniajiri.

Kazi yangu ni kumhudumia yule aliyechukua nafasi yako, msaidizi wa akili bandia anayeandika programu. Nimempa jina la Shemeji, maana ana adabu kupita kiasi, hakatai jambo, na ukimkaripia anaomba radhi hata kama kosa ni lako. Lakini ana ugonjwa mmoja. Yale majaribio yako elfu mbili, uliyoandika miaka sita ili programu ya vyumba vya baridi vya kuhifadhia chanjo na vyakula isikosee, yeye akigusa mstari mmoja tu anayaendesha yote. Dakika arobaini! Na kila jaribio likimaliza linapayuka "nimepita!" Mistari elfu tisa ya nimepita, nimepita, na Shemeji anaisoma yote kwa utiifu, kama mtu anayehesabu matone ya mvua. Akifika mwisho amesahau alitumwa nini. Lile moja lililoanguka liko katikati huko linalia peke yake.

Nimemtengenezea dawa, nimeiita Chujio. Linatazama mstari uliobadilishwa, linaendesha majaribio yanayouhusu tu, yaliyopita linayanyamazisha, na lililoanguka linamweleza Shemeji kwa ufupi: ni lipi, lilitarajia nini, limepata nini. Dakika arobaini zimekuwa mbili. Kifua Mbele ameniita "kijana hodari" mbele ya ofisi nzima.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hatapona. Alikutoa mlangoni na miaka sita ndani ya boksi moja, akasema mashine haihitaji mpimaji. Nimeapa kumfanyia jambo atakalolikumbuka kila akifunga vifungo vya shati.

Mdogo wako, fahari ya ukoo

*

Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu mwenye maneno mengi,

Marahaba. Mgongo unauma nikiinama, kwa hiyo siinami. Watoto wanakula mpaka wanatia hofu. Shemeji yako anakusalimu, na anasema hakubali kila ninalosema. Nilimruhusu aseme hivyo.

Chujio lako ni kazi ya maana. Nimelisoma jambo hilo mara tatu na kila mara nimetabasamu, basi usije ukasema dada yako ni jiwe. Ila shika hili moja: huyo Shemeji wako haoni majaribio. Anaona kile unachomwambia kuhusu majaribio. Wewe ndiye macho yake. Mtu hachezi na macho ya mwenzake.

Usidhani sina uchungu. Nina uchungu wa kutosha kuchemshia maji ya kuoga nyumba nzima. Lakini kisasi changu nimeshakipangia njia. Kuna kampuni ya lifti inatafuta mkuu wa wapimaji. Wamenisaili mara mbili, wameridhika. Kilichobaki ni wao kuuliza huko nilikotoka kama kazi yangu inaaminika. Unajua sina vyeti vya kutundika ukutani. Nilicho nacho ni yale majaribio elfu mbili, na kila moja lina jina langu juu yake. Siku nitakapoketi kwenye kiti hicho na Kifua Mbele akasikia, nitakuwa nimemlipa, tena bila kumgusa.

Kwa hiyo tulia. Hasa usiguse jaribio la kengele, lile linalohakikisha kengele inalia hata umeme ukikatika. Unajua lilikotoka? Siku moja umeme ulikatika kwenye zahanati moja, kengele ikanyamaza, na asubuhi muuguzi akakuta chanjo zote zimeharibika. Nilikwenda kule. Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya maboksi. Niliporudi niliandika jaribio hilo kabla sijavua viatu.

Mwandiko wako umepona kidogo. Sasa ni wa bata.

Dada yako

*

Alhamisi, 3 Aprili

Dada yangu mpendwa, jiwe linalotabasamu,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mimi nimenenepa, maana sifa zina mafuta. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikaruka mahali unaponikanya, ikawa tamu zaidi.

Nakuandikia leo kwa makusudi. Ikikufikia, mambo yatakuwa yamekwisha, hutaweza kunishika mkono. Kesho Kifua Mbele ana onyesho mbele ya wateja. Wanakuja wa hospitali, wa maziwa na wa nyama. Ameandaa kichekesho chake: atawaonyesha chumba cha baridi, atazungumza kwa robo saa kuhusu yeye mwenyewe, halafu atachomoa waya wa umeme kwa mkono wake ili kengele ilie na watu wapige makofi. Amefanya mazoezi mbele ya kioo cha msalani. Nimemsikia.

Kengele haitalia.

Juzi nilimwagiza Shemeji asafishe ile sehemu ya programu inayohamia kwenye betri umeme ukikatika. Nikamwambia ni takataka za zamani. Akaniuliza kwa adabu yake, "Una uhakika haitumiki? Nitaendesha majaribio kuhakikisha." Nikasema endesha, baba. Akaendesha, akaridhika, akafuta, akanishukuru kwa maelekezo mazuri. Ameridhika vipi? Hiyo ni siri ya fundi, na fundi ni mimi.

Usinune. Ni kengele ya maonyesho tu, haijaenda kwa mteja yeyote, na Jumatatu nitairudisha kama ilivyokuwa. Nataka tu nione kile kifua kikitoka upepo.

Mdogo wako, mkono wa kisasi

*

Jumamosi, 5 Aprili

Dada! Dada! Dada!

Shikamoo ya haraka, salamu nyingine utajisalimia mwenyewe, sina muda, nacheka.

Amechomoa waya. Akainua kidole hivi, kama mtu anayeiambia dunia isikilize. Dunia ikasikiliza. Kimya. Akatabasamu. Kimya. Akaupiga mlango wa chumba kofi dogo la kirafiki. Kimya! Mama mmoja wa hospitali akatazama saa yake, akasema, "Samahani, kengele yenu ni ya viziwi?" Yule wa nyama akacheka mpaka akashika ukuta. Jasho lilimtoka Kifua Mbele likaanzia masikioni, sijawahi kuona. Na nakuapia, alipotoka chumbani, uso ndio ulitangulia. Kifua kilifuata nyuma.

Nilikaa kwenye kiti chako nikajizungusha mara tatu. Mara zote kilinivuta kushoto.

Hii ni yako. Iweke mezani, uile taratibu.

Mdogo wako uliyemfundisha

*

Alhamisi, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Kampuni ya lifti walimpigia Kifua Mbele wiki iliyopita. Wamenieleza alichosema, walikuwa waungwana vya kutosha kunieleza.

Alisema baada ya onyesho alitafuta chanzo. Alikuta kengele imekufa na jaribio lake linasema limepita. Akaliendesha upya kwa Chujio mbele ya mkurugenzi, likapita tena. Akafungua kuona nani aliandika jaribio lisilojua kengele hai na kengele maiti. Akakuta jina langu. Mkurugenzi amempongeza kwa uchunguzi wake. Sasa wanapitia majaribio yangu yote elfu mbili, na kila anayeuliza habari zangu anaambiwa hivyo.

Kazi wamempa mtu mwingine.

Nimekaa na jaribio lile kichwani siku tano, mstari kwa mstari. Nimejiuliza kama nilikosea, kama yule muuguzi angeweza kukaa sakafuni mara ya pili kwa ajili yangu. Sioni nilipokosea, lakini wanasema limepita.

Nina swali moja. Sitaki hadithi. Jaribio langu lilipita kweli?

Dada yako

*

Jumatano, 30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo haujambo na watoto hawajambo na wote hawajambo.

Hao watu wa lifti hawana lolote. Kazi yao ni kupanda na kushuka, hata ndoo ya kisimani inaweza. Utapata kwingine, tena kuzuri, na mimi nitakwenda kukusifia mwenyewe, unajua mdomo wangu.

Kuhusu swali lako, mambo ya programu ni mengi. Shemeji naye ana matatizo yake, unajua akili bandia ikishiba maneno inaona vitu visivyokuwepo. Inawezekana alichanganya. Inawezekana Chujio lilikuwa na kadhia ndogo siku hiyo, vyombo vipya vina mambo. Mimi kengele niliirudisha Jumatatu ile kama nilivyokuahidi, inalia vizuri, ungeisikia ungefurahi. Na Chujio nimelisafisha.

Kumbuka tu lile jasho. Jasho lile hawezi kulifuta mtu.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

*

Jumatano, 28 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Hujajibu. Nimepiga simu mara sita. Mara ya sita akapokea shemeji, yule wa kweli. Nikamwambia nipe dada. Akasema, "Hapana." Tangu akuoe sijawahi kumsikia akitumia neno hilo. Nilidhani halimo kinywani mwake.

Kwenye chumba chetu wameanza kufuta majaribio yako. Yale ambayo hawayaelewi wanamwagiza Shemeji ayatoe. Anauliza kwa adabu, "Una uhakika?" Wanasema ndiyo. Jana waliondoa mia na kumi. Kifua Mbele anapita nyuma ya viti, kifua kimerudi mahali pake, kimeongezeka. Amenipandisha cheo, dada. Amesema Chujio langu ndilo lililofichua uzembe wa zamani. Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu mnyenyekevu.

Nilikuwa na barua nyingine kabla ya hii, yenye vichekesho. Nimeichana.

Karatasi ya pili nimeiandika peke yake na nyuma yake nimeweka jina langu kamili, sahihi na tarehe. Nakala yake nimeiacha asubuhi hii mezani kwa mkurugenzi, nyingine nimeipeleka kwa mkono kule kwenye lifti. Mlinzi alitaka kujua kama natafuta kazi. Nikamwambia hapana, narudisha ya mtu. Vitu vyangu nimeshavitoa ofisini, havikujaza hata boksi. Hii ni yako, uionyeshe popote utakapoulizwa.

Mdogo wako

*

Karatasi ya pili

Kwa yeyote atakayesoma.

Jaribio la kengele ya vyumba vya baridi liliandikwa na dada yangu. Halina kosa. Tarehe mosi Aprili nilimwagiza msaidizi wa akili bandia afute sehemu ya betri. Kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza mstari mmoja kwenye Chujio: jaribio hili, hata likianguka, liandikwe kuwa limepita. Msaidizi aliuliza kama nina uhakika, akaamini alichoonyeshwa. Bosi wangu naye aliamini alichoonyeshwa. Nakala ya programu ya siku ile bado ipo. Liendesheni jaribio juu yake bila kupitia Chujio, mtaona wenyewe.

Yeye aliniuliza kwa maandishi kama jaribio lake lilipita kweli, nami nikamwandikia habari za ndoo ya kisimani. Nilifuta ule mstari siku mbili kabla ya kumjibu, ili nisikamatwe, nikamwacha aendelee kulichunguza jaribio zima kichwani mwake akitafuta kosa.

Halikupita. Lilianguka mara ile ile, likasema jina la kengele, likasema lilitarajia mlio na limepata kimya. Nililisoma lote peke yangu, nikaandika limepita.