Fomu ya Kutoa

Jumatatu, 3 Machi

Ngazi amenichekesha leo mpaka chai ikanipalia. Amekuja mapumziko ya saa nne, ameinama kupita mlangoni kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha wazazi, magoti juu, daftari la maneno mkononi. Akatangaza kwa fahari kwamba jana amefufua nguo zake zote! Nikamwambia hongera, ila kufufua tumwachie Mungu, wewe umefua tu. Akaandika. Akacheka kuliko mimi.

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa urefu wake, na mwenyewe analipenda. Walimu wageni tunao watatu: yeye wa hesabu, Bibi Kinanda wa muziki, na kijana wa sayansi ambaye hata salamu humtoka kwa mafungu. Lakini anayekihangaikia Kiswahili ni Ngazi. Husoma mpaka matangazo yangu ubaoni. Leo amesema Kiswahili changu kimepigwa pasi. Nimevimba kichwa siku nzima, nakiri. Karani wa shule asifiwe nini tena?

Halafu habari ya mama yake, huko kwao. Miaka themanini na miwili, macho yote mawili ukungu mtupu. Atafanyiwa upasuaji mwisho wa mwezi huu. Amemwambia mwanawe kwa simu: bandeji ikifunguliwa, wa kwanza kumwona uwe wewe. Mama Shule amempa ruhusa ya wiki mbili. Tiketi wamemshikia hadi Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo basi. Mtu ana mvi, lakini akimtaja mama yake sauti inabadilika.

Jumanne, 4 Machi

Mama Shule ni mama yangu mdogo. Shule ni yake, ameianzisha na mabenchi manne sebuleni kwake. Leo amepita ofisini, akafungua mkoba wangu, akachomoa noti mbili. "Nimekopa kwa mwanangu," huyoo, akaenda zake. Noti zenyewe zilikuwa za viatu!

Ndivyo alivyo. Alinichukua nina miaka sita, wiki ile ile tuliyomzika mama. Kopo langu la akiba la utotoni alikuwa akilifungua vile vile, bila kuuliza. Siku nyingine nilikuta pungufu, siku nyingine nilikuta zimezidi. Mfuko wa mtu wake ni mfuko wake. Wake pia ni wako, ukiwa na shida kweli. Ndiye aliyenilipia mafunzo ya ukarani, kwa kuuza cherehani. Ngazi alipougua homa alilazwa kwake siku nne, akapikiwa supu, akafuliwa mashuka kwa mkono. Nampenda huyu mama. Naandika tu kwa sababu amenikera.

Alhamisi, 6 Machi

Ngazi amerudi kutoka benki uso umesawijika. Alikwenda kutoa ya tiketi. Haitoshi. Haifiki hata nusu! Miezi mitano amekuwa akichukua kidogo cha chakula, kilichobaki anakiacha "kilale" — neno lake hilo. Kumbe kilikuwa hakilali.

Ameniwekea taarifa ya benki mezani. Kila mwezi, tarehe tano, mstari mmoja: malipo kwa idhini. "Nimeibiwa, Dada Karani. Mwizi huyu ana ratiba." Alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia. Mstari wa Februari ndio uliokomba karibu chote.

Pembeni ya kila mstari kuna namba. Naijua namba ile. Naipiga mhuri kila siku kwenye risiti za ada. Ni ya kwetu, ya shule.

Nikamwambia, niachie niangalie. Ndivyo nilivyosema. Niangalie! Na Februari tuliezeka upya paa la madarasa ya chini, na mimi nilijiuliza mara moja tu fedha zimetoka wapi, kisha nikaacha kujiuliza.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuja shule peke yangu, nikamwambia mlinzi nimesahau mwavuli. Faili la walimu wageni lipo kabati la chini. Fomu tatu, saini tatu.

Acha niandike ukweli, maana hapa hanisomi mtu. Mwaka jana kuna mwalimu mgeni alituondokea alfajiri bila kuaga, ameacha deni la umeme na maji, na godoro amebeba. Mama mdogo akaapa haitatokea tena. Akaniita niandike, akanitajia kwa mdomo: Shule itachukua fedha za pango, samani na dharura kutoka kwenye akaunti ya mwalimu. Nikaona "itachukua" kali mno, inanuka mkono mrefu. Mimi na adabu zangu! Nikapamba. Nikachapa hivi:

Shule itatoa fedha za pango, samani na dharura kupitia akaunti ya mwalimu.

Mtu wa benki akisoma anaelewa palepale, kwao kutoa ni kutoa. Lakini mgeni aliyejifunza lugha miezi miwili, anayeiona kila asubuhi "Kutoa ni moyo" juu ya lango letu kwa rangi ya bluu? Ataelewa kwamba shule inampa. Inampa nyumba, inampa vitanda, na akipatwa na dharura inampa pia. Mimi mwenyewe nikiisoma leo kwa macho yake naelewa hivyo.

Na chini: Imesomwa na kufafanuliwa mbele yangu. Shahidi — saini yangu, na mkia wake wa maringo.

Sikumsomea. Ilikuwa siku ya kufungua shule, foleni ya wazazi mpaka getini. Nilimsukumia fomu na kalamu. Akasoma kwa kidole, uso ukang'aa, akaniambia asante sana kwa kutoa. Nikadhani amekosea neno! Nikacheka, nikagonga mhuri.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu wa darasa la pili hakuja, Ngazi akashika kipindi. Hajawahi kufundisha wadogo. Kule kwa wakubwa huandika alama tu ubaoni, wanaendelea. Leo binti mmoja amesimama akasoma kwa sauti: tisa kutoa nne, jibu tano.

Amekuja ofisini na chaki mkononi, vumbi mpaka puani. "Dada Karani. Kutoa ni kupa, au ni kupunguza?"

Nikamwambia ni vyote viwili. Inategemea umesimama upande gani.

Akafungua daftari lake. Nakala ya fomu alikuwa ameikunja humo miezi yote hii, kama barua nzuri. Akaisoma kwa kidole, polepole, mara ya pili maishani mwake. Nikaona kidole kinasimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Na mimi nilishukuru," akasema.

Kisha akauliza ni nani anayeandika fomu hizi. Simu ikalia. Sijawahi kuifurahia simu kiasi kile — mzazi anauliza bei ya sare, nami nikamweleza sare zote, za wavulana, za wasichana, na soksi! Nilipokata Ngazi alikwisha kwenda. Mwoga wee.

Jumanne, 11 Machi

Nimemkabili Mama mdogo. Nyumbani kwake, anakatakata mboga. Nikamwambia Ngazi hakuelewa fomu.

Ametia saini, akasema. Nikamwambia alidhani anapewa. Akasema, basi alidhani vibaya, mimi sikuiba, nimetoa. Nikamwambia na za paa je? Hapo kisu kikasimama.

"Watoto walikuwa wananyeshewa, mwanangu. Wewe uliwaona. Nitazirudisha ada za muhula ujao zikiingia. Kwani mimi ni wa kumdhulumu mtu niliyemfulia mashuka?"

"Mama yake hawezi kungoja muhula ujao, Mama."

Akaosha mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Akauliza, kwani kule hawana ndugu wengine wa kukaa na mgonjwa? Akaona mwenyewe kwamba swali ni baya. Alinikuta nimekaa na mgonjwa mimi, nina miaka sita.

Akasema anachoweza kuuza sasa hivi hakipo. Cha mwisho kilikuwa ile cherehani. Hakusema kwa kunisuta, lakini imeniingia.

Wakati natoka akanipa habari: benki wamempigia. Ngazi na Bibi Kinanda wamepeleka malalamiko. Meneja anatuita Ijumaa saa tatu, pamoja na shahidi. Kama fomu ilifafanuliwa, jambo limekwisha. Kama haikufafanuliwa, wanarudisha fedha siku hiyohiyo kutoka akaunti ya shule, na jina la Mama mdogo linapelekwa makao makuu.

"Utasema tu ulimsomea," akasema. Kwa upole. Kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Jumatano, 12 Machi

Bibi Kinanda amepita dirishani bila salamu. Sawa, namwelewa. Kijana wa sayansi naye, tangu lini kuzungumza, leo amezungumza: amesema yeye hakujua hata kama ana akaunti yenye kitu. Maskini!

Nimechapa tangazo la mkutano wa wazazi mara tatu, kila mara nafuta neno. Kila neno naligeuza upande wa pili nione lina nini nyuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia.

Nilimkuta darasa la mwisho anafuta ubao, hatumii kiti, anafika juu mwenyewe. Nikafunga mlango. Nikamwambia fomu niliiandika mimi, Mama Shule alisema "itachukua", mimi nikaweka "itatoa". Nilitaka ipendeze. Na sikukusomea, na nikatia saini kwamba nimekusomea. Nilisema yote bila kupumua, kisha nikalia. Sikupanga kulia.

Akatoa leso, ya chaki tupu, akanipa. Sasa sote wawili vumbi.

"Kupendeza," akasema. Akalitafuta kwenye daftari, akalipata, lilikuwemo. Akaniambia amekasirika. Akaniambia hata mimi amenikasirikia, ila hajui jinsi ya kukasirika kwa Kiswahili, nimemfundisha maneno mazuri tu. Nikacheka na machozi yangu. Na yeye akacheka, halafu akaacha ghafla, akageuka dirishani.

Jana usiku mama yake alimuuliza kwenye simu avae gauni gani siku ya bandeji. Akamwambia vaa lile la kijani. Bado hajamwambia kitu.

Nikamuuliza kesho utasema nini. Akasema atasema alichoelewa. Kuhusu Mama Shule hataki kusema kitu kibaya. "Alikaa na mimi siku nne. Alinishika kichwa. Nataka kumchukia, inashindikana, inanichosha."

Nikamwambia hata mimi, miaka thelathini na mitano.

Sikumwambia kesho nitasema nini. Hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Benki. Benchi la kusubiria, nje ya mlango wa meneja. Naandika kwenye goti.

Tumekuja na Mama mdogo kwa miguu. Njia nzima ameongelea mifereji ya paa jipya, ukutani hamna hata tone sasa, madarasa yale hayajawahi kukauka hivyo. Tumefika, Ngazi yupo tayari, amevaa tai. Amesimama alipomwona Mama mdogo. Akamwamkia, shikamoo, sawasawa kabisa kama nilivyomfundisha. Mama mdogo akaitikia marahaba, akaomba asogezewe nafasi, akakaa katikati yetu. Tumebanana. Benchi ni la watu wawili na nusu, na nusu si Ngazi.

Ofisi ya tiketi inafungwa saa sita, nimeona Ngazi anaifunika saa yake kwa mkono ili asiitazame.

Karani wa meneja ametoka na faili. Amesema shahidi ataingia kwanza, peke yake. Nikasema nakuja.

Mama mdogo hajaniambia niseme nini. Amenigeuza tu bega, akanikunjua kola, akanipangusa kitu shavuni ambacho hakikuwapo. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Angenikaripia ingekuwa rahisi.

Nimeandika hapa nitakachosema, nisije nikapamba:

Sikumsomea.
Neno ni langu.
Mama yangu si mwizi.
Sikumsomea.

Nimeangalia ile ya tatu, nikataka kuifuta, kwa sababu hawatauliza hivyo. Nimeiacha.

Mama mdogo ananinong'oneza, unaandika nini humo siku zote? Nimemwambia tafuta miwani, Mama, leo nitakupa usome. Anapekua mkoba. Karani ameniita mara ya pili. Ngazi ametazama pembeni, ameelewa, sijui nani amemfundisha. Miwani imepatikana. Anaipangusa kwa ncha ya mtandio, polepole, jicho moja kisha la pili, na mkono wa kushoto ameshaunyoosha —