Kaka Kafunga Geti

Janet, uko hapo? Nilikuwa namimina chai ya mama kwenye chupa kama kila Jumamosi, nikasikia kufuli likibanwa. Kaka Otuoma kafunga geti! Ufunguo kautia mfukoni!

Si unajua mama, tangu atembee kwa miguu hadi Namugongo, kule kwa Mashahidi wa Uganda, mwaka tisini na sita, kila Jumamosi anakwenda ziwani pekupeku na wale kina mama watatu aliohiji nao. Wanasali rozari njia nzima, kila mmoja kabeba nia ya sala ya mwenzake.

Leo wenzake wako nje ya geti, yeye ndani. Kaka eti, "Mama, presha yako." Presha! Amepima juzi tu, iko sawa.

Nina hasira!

Mama hakubishana. Alivua kandambili, akaanza kuzunguka nyumba na rozari mkononi. "Salamu Maria..." Wa nje wanaitikia, "Maria Mtakatifu..." Anazunguka, wanaitikia. Nusu ya mtaa wetu wa Kiseke inachungulia juu ya ukuta.

Kaka: "Mama, inatosha jamani, ingia ndani!"

Mama: "Si umesema nisitoke? Nimetoka?"

Janet, mimi huyu nisiyethubutu hata kusoma somo kanisani, nilipiga kelele. "Kaka, acha kusingizia presha! Sema unachoogopa!"

Hata rozari ilisimama.

Halafu kaka akasema, mama yetu amesimama pale pale miguu ina vumbi: "Wakwe zangu wanakuja leo. Namwonea mama aibu."