Mate ya Mama Wodini

Mjukuu wangu Wanja,

Hapa Ishiara mimi guka wako sijambo. Nyanya yako amepona kikohozi, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Umeuliza, kutoka hiyo wodi unakouguza, kama hata zamani wagonjwa walikufa kwa uchafu unaoingia kwenye damu kupitia mpira wa dripu, halafu dawa zikashindwa. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi.

Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni nililazwa hospitali ya misheni, kidonda cha mguu kimeoza. Nilijikata kwa jembe tukichimbishwa mtaro kwa nguvu, lakini hayo tuyaache. Penisilini ilikuwa ngeni, bado ina nguvu zake zote, lakini muuguzi wetu hakuitegemea peke yake.

Mama alipata pasi ya kutoka kijijini, akaja kwa miguu kunibariki. Unajua desturi yetu: mzazi akikubariki, anakutemea mate kidogo. Alipoinamia mkono wangu wenye sindano ya dripu, muuguzi akamzuia kwa upole, akakinga viganja vyake mwenyewe.

"Nibariki mimi, mama. Mimi ndiye ninayemshika."

Mama akamtemea, akamwombea. Kisha akamwona anakwenda kunawa kwa sabuni.

"Unaosha baraka yangu?" akang'aka.

"Baraka imeshaingia, mama. Ninachoosha ni mate."

Mama alicheka mpaka wodi nzima ikacheka naye. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu miwili, na muuguzi yule namshukuru hadi leo.

Unasema dawa zenu zimechoka. Basi kinga viganja, Wanja, hapo hapo ulipo. Nimekutemea baraka.

Sasa nenda ukanawe.